Nani Amehesabu? Kupima Habari za Ugonjwa Kabla ya Kuziamini na Kuzituma

SOMO LA WIKI KWA VIKUNDI VYA NYUMBANI – GANJONI

Maandiko ya kusoma: Mambo ya Walawi 13:1–8, Kumbukumbu la Torati 19:15, Yona 3 na 4, Luka 1:1–4

Wazo kuu: Kabla ya kuamini namba ya ugonjwa, uliza nani amehesabu, amehesabu nini, na kama anakubali kupimwa.

UTANGULIZI

Jumapili iliyopita tuliahidi kuliandika somo hili, kwa sababu wengi walitaka kulisoma tena nyumbani wakiwa wametulia. Ni somo juu ya habari za magonjwa ya mlipuko: tuamini namba ipi na tuache ipi. Usiseme hayo yamepita na korona. Julai 2024 mpox ilithibitishwa kwa mara ya kwanza hapa Kenya, pale mpakani Taveta, na haukupita muda simu zikaanza kulia tena: picha za kutisha, hesabu za ajabu, dawa za kunywa asubuhi na jioni. Na ugonjwa mwingine utakuja. Basi tujifunze sasa, tukiwa na utulivu.

Nianze na kosa langu mwenyewe.

Nyote mwakumbuka Mei 2020. Tarehe 6, aliyekuwa Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba Mji wa Kale umefungwa kwa siku 15, pamoja na Eastleigh kule Nairobi. Baadaye ikaongezwa hadi tarehe 6 Juni. Kaunti yetu yenyewe ilikuwa imefungwa tangu tarehe 8 Aprili, hakuna kutoka wala kuingia. Makanisa kimya, misikiti kimya, kafyu kuanzia saa moja jioni. Sisi wa Ganjoni tuko ndani ya nyumba, ndugu zetu wa Mji wa Kale wako nyuma ya kizuizi cha polisi. Kilichobaki ni simu.

Usiku mmoja nikapokea sauti kwenye WhatsApp. Mtu hataji jina. Anasema yeye ni daktari, na kwamba katika hospitali moja hapa kisiwani maiti 12 zinatolewa kila usiku kwa mlango wa nyuma, na ukiingia pale kwa ugonjwa wowote ule unaandikwa korona. Nikashtuka. Nikaituma kwenye magrupu matatu. Sikuuliza swali hata moja. Tena nilijiona nimefanya jambo jema, nimeonya watu.

Katika grupu moja alikuwemo mkaza mwana wa mzee jirani yetu. Mzee huyo alikuwa na ugonjwa wa sukari, ana kidonda kidogo mguuni, na tarehe yake ya kliniki ilikuwa wiki ile ile. Akawekewa ile sauti akasikiza. Akasema haendi. Akakaa nyumbani na maji ya chumvi, wiki baada ya wiki. Alipopelekwa mwishowe, mguu haukuokoka. Ulikatwa chini ya goti.

Nilikwenda kumwomba msamaha. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, karibu." Nikamweleza kila kitu. Akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Mimi huyo daktari simjui. Sauti ile niliiamini kwa kuwa ilitoka kwako."

Wapendwa, neno hilo ndilo lililozaa somo hili. Tukiulizwa ni chanzo gani cha habari cha kuaminika, mawazo yetu huenda kwa serikali, kwa magazeti, kwa mashirika ya nje. Kwa mzee yule, chanzo nilikuwa mimi. Nawe kuna mtu leo ambaye wewe ndiwe chanzo chake.

1. KUHANI HAKUTANGAZA KWA KUTAZAMA MARA MOJA

Kuna wapendwa wanaosema kwamba kuhesabu wagonjwa ni kukosa imani. Hebu tukumbuke kwamba katika Biblia zetu kuna kitabu kizima kiitwacho Hesabu. Na ukisoma Walawi 13 utaona utaratibu uliowekwa kwa mtu mwenye alama kwenye ngozi. Analetwa kwa kuhani. Kuhani anaangalia: rangi ya nywele, kina cha kidonda. Kama dalili haziko wazi, hamtangazi kuwa najisi wala hamtangazi kuwa safi. Anamtenga siku saba, anamwangalia tena. Bado? Anamtenga siku saba nyingine. Ndipo anatamka.

Angalia mambo matatu hapo. Kuna mtu anayejulikana mwenye kazi hiyo. Kuna alama anazotazama ambazo kila mtu aweza kuzisoma. Na kuna ruhusa ya kusema "bado sijajua, rudi baada ya siku saba." Sauti niliyotuma mimi haikuwa na hata moja kati ya hayo. Msemaji hajulikani, hakusema alihesabu vipi, na hakuwa na shaka hata chembe.

Mtu anayehesabu ugonjwa kwa haki huwa hana haraka, na huwa anakwambia mipaka ya anachokijua. Ukisikia mtu ana uhakika wa kila kitu siku ya pili ya mlipuko, simama kidogo.

2. MASHAHIDI WATATU, AU SHAHIDI MMOJA MWENYE MIDOMO MITATU?

Torati inataka neno lithibitike kwa mashahidi wawili au watatu. Sasa sikiza vizuri, maana hapa wengi tunateleza. Tunasema: "Lakini nimeliona mahali kumi!" Je, hao kumi wameona wenyewe, au wote wamenakili kwa mmoja?

Hesabu za korona zilisafiri hivi. Maabara inapima sampuli. Matokeo yanakwenda kwa kaunti na kwa Wizara ya Afya. Wizara inatangaza. Shirika la Afya Duniani linachukua kwa wizara. Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kule Marekani, ambacho kuanzia Januari 2020 hadi Machi 2023 kilikuwa na ramani ya dunia nzima yenye hesabu za kila nchi, nacho kilitegemea matangazo ya nchi zenyewe. Magazeti yanachukua kwa hao. Mwishowe inafika kwenye grupu lenu. Njia ni ndefu, lakini mwanzo ni mmoja.

Mfano ulio wazi ni wa jirani zetu wa Tanzania. Mwanzoni mwa Mei 2020 hesabu yao ilifika wagonjwa 509 na vifo 21, kisha matangazo yakakoma. Kwa zaidi ya mwaka mmoja, ukifungua ramani yoyote duniani, uwe Mombasa, London au Dubai, unakuta 509. Mahali pengi, namba moja. Mtu angesema dunia nzima imethibitisha. Kumbe dunia nzima ilikuwa inarudia neno la mwisho la shahidi mmoja aliyenyamaza. Na wakati namba ikiwa ile ile 509, chama cha ACT-Wazalendo kilitangaza kwamba Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ana korona. Alifariki tarehe 17 Februari 2021. Kimya cha hesabu hakikumaanisha kwamba hakuna mgonjwa.

Luka alipoandika Injili alieleza kwanza jinsi alivyofanya kazi: alifuatilia mambo yote tangu mwanzo, kwa habari zilizotoka kwa walioona kwa macho. Nawe fuata namba mpaka kwa aliyehesabu. Ukifika njiani ukakuta ukuta, hakuna jina, hakuna tarehe, hakuna maabara, basi hapo hapana shahidi, hata kama imetumwa mara elfu.

3. AMEHESABU NINI HASA?

Hili ni gumu kidogo, lakini tutakwenda pole pole.

Namba yaweza kuwa ya kweli na bado ikakupotosha, kwa sababu inajibu swali jingine ambalo wewe hukuuliza. Kila alasiri mwaka 2020 tulisikia: leo tumepima sampuli kadhaa, waliopatikana na virusi ni kadhaa. Wengi tulishika ile namba ya pili tu. Lakini ukipima watu 1,000 ukapata 50, na kesho ukapima 5,000 ukapata 100, je, ugonjwa umezidi? Waliopatikana wameongezeka maradufu, lakini kwa kila mia umepata 5 jana na 2 leo. Bila kujua wangapi wamepimwa, namba ya wagonjwa haikwambii kitu.

Tena uliza ni nani waliopimwa. Hapa kwetu mwakumbuka watu wa mitaa ya Mji wa Kale waliofunga milango wapimaji walipokuja. Waliogopa karantini, na mwanzoni gharama ya karantini ilikuwa juu ya mgonjwa mwenyewe. Mama mwenye watoto wanne na kibanda cha viazi karai angejipeleka vipi? Asiyepimwa hakuhesabiwa.

Basi watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust, walio pale Kilifi, wakatumia njia nyingine. Kati ya Aprili na Juni 2020 walichukua damu iliyokuwa imetolewa na wachangiaji damu nchini, watu 3,098, wakatafuta ndani yake kingamwili, yaani wale askari ambao mwili huwaacha nyuma baada ya kupigana na virusi. Waliwakuta kwa watu 174. Hiyo ni 5.6 kwa kila mia. Lakini hawakuishia hapo. Walijua kipimo chenyewe hukosea, na kwamba wachangiaji damu hawafanani na wananchi wote kwa umri na makao. Wakarekebisha, na namba yao wenyewe ikashuka hadi 4.3 kwa mia. Na kaunti iliyoongoza nchi nzima? Ni Mombasa yetu, 8.0 kwa mia, ikifuatwa na Nairobi 7.3 na Kisumu 5.5. Utafiti huo ulitoka katika jarida la Science mwezi Novemba 2020.

Fanyeni hesabu hapo hapo mlipo. Sensa ya 2019 iliwapata watu 1,208,333 katika Kaunti ya Mombasa. Tuchukue nusu yao tu, laki sita, maana watoto na wazee sana hawatoi damu. Nane kwa mia ya laki sita ni watu 48,000. Na hadi tarehe 31 Julai 2020, Kenya nzima, kutoka Lunga Lunga hadi Lodwar, wagonjwa waliotangazwa walikuwa 20,636.

Je, wizara ilidanganya? Hapana. Wizara ilihesabu waliopimwa wakakutwa na virusi siku hiyo. KEMRI walihesabu alama ya virusi katika damu. Ni maswali mawili, majibu mawili, na yote mawili ya kweli. Aliyesikia la kwanza pekee alidhani ugonjwa ni wa wachache. Aliyesikia la pili alielewa kwamba uko mitaani, na pia kwamba wengi walioupata hawakuugua sana. Mtu wa kuaminika hukwambia anajibu swali gani.

Kuna hesabu ya tatu, ya makaburi. Unachukua vifo vyote vya mwaka, kwa sababu yoyote ile, unalinganisha na miaka ya kawaida, unaona vilivyozidi. Mei 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa hesabu hiyo ya miaka 2020 na 2021: vifo milioni 14.9 vilivyozidi kawaida, wakati vifo vya korona vilivyokuwa vimeripotiwa ni kama milioni 5.4. Na walisema wazi kwamba nchi nyingi, hasa Afrika, haziandikishi vifo vyote, hivyo jibu laweza kuwa popote kati ya milioni 13.3 na 16.6. Usione hiyo "kati ya hapa na hapa" kuwa ni udhaifu. Ni yule kuhani wa siku saba, anakwambia macho yake yamefika wapi.

4. MAKADIRIO SI HESABU: MFANO WA YONA

Mwishoni mwa Machi 2020 Wizara ya Afya ilionya kwamba huenda tukafika wagonjwa 10,000 ifikapo mwisho wa Aprili. Aprili ikaisha, waliothibitishwa ni 396. Watu wakacheka: "Waongo hawa!" Na tangu siku hiyo baadhi hawakuamini tena neno lolote.

Lakini someni Yona. Aliingia Ninawi akatangaza kwamba baada ya siku 40 mji utaangamizwa. Watu wakasikia, wakafunga, wakaacha njia zao mbaya, na mji ukapona. Yona akakasirika, akaona kama amefanywa mwongo. Kumbe onyo lilifanya kazi yake.

Makadirio husema: mambo yakiendelea hivi, tutafika pale. Tulifunga shule, tulifunga makanisa, kafyu ikaanza tarehe 27 Machi. Mambo hayakuendelea vile. Tuseme kweli pia: sehemu nyingine ni kwamba waliopimwa walikuwa wachache, na makadirio yenyewe yaweza kukosea. Ninachosema ni kwamba usimhukumu mhesabu kwa makadirio ya kesho. Mhukumu kwa hesabu ya jana. Na ukipokea namba, tazama kwanza kama imeshahesabiwa au inatarajiwa. Wanaotisha watu kwenye simu huzichanganya hizo mbili.

5. CHANZO CHA KWELI HUKUBALI KUPIMWA

Turudi Tanzania. Kwa nini hesabu zilikoma? Tarehe 3 Mei 2020, hayati Rais John Magufuli, akiwa Chato, alieleza kwamba sampuli za papai, mbuzi na kware zilipelekwa maabara ya taifa zikiwa na majina ya watu, na zikarudi na majibu ya kuwa na virusi. Kesho yake wakuu wa maabara walisimamishwa kazi. Kituo cha Afrika cha Kudhibiti Magonjwa kikajibu kwamba vipimo vilivyokuwa vikitumika havikuwa na kasoro.

Wengi wetu tulichukua upande haraka, wengine wa papai, wengine wa maabara. Hebu tutulie. Swali la Rais lilikuwa halali. Maabara ni ya kupimwa, na Mithali 18:17 inatufundisha kwamba msemaji wa kwanza huonekana ana haki mpaka mwingine aje kumhoji. Basi ukitilia shaka maabara, peleka sampuli zile zile kwa maabara ya pili na ya tatu, majibu yawekwe mezani watu waone. Lakini kitabu kikifungwa, hatuwezi tena kujua aliyekuwa na haki ni nani. Anayeumia ni muuguzi asiyejua ajikinge vipi, na mama asiyejua kama ile homa ya mumewe ni ya kungoja au ya kukimbilia hospitali.

Na tuwape heshima waliorudi nyuma wakarekebisha. Rais Samia Suluhu Hassan alipoingia madarakani Machi 2021 aliunda kamati ya wataalamu, na katikati ya mwaka huo Tanzania ikaanza tena kutoa hesabu. Chanzo kinachosema "tulikosea, hii ndiyo sahihi" kimejenga imani yako, usikidharau kwa sababu kimebadili namba. Kinachotia shaka ni kile kisichosahihishwa hata siku moja. Ile sauti ya daktari wangu, hadi leo, hakuna aliyetokea kusema "samahani."

6. NA USHUHUDA JE?

Sisi ni watu wa ushuhuda, wala sitaki mtu aondoke akidhani tunaupuuza. Bwana anaponya. Lakini tutenganishe mambo mawili. Ndugu akisimama aseme, "Nilikunywa mchanganyiko wa tangawizi na ndimu nikapona," ni kweli kwake, ameponea pale na tumshukuru Mungu. Ila waliokunywa kinywaji kile kile wakafa hawawezi kusimama kushuhudia. Na walio wengi wangepona hata kwa maji. Mwaka 2020 kinywaji cha mitishamba kutoka Madagascar kilisifiwa kote Afrika kwa njia hiyo hiyo, kwa maneno ya waliopona, kabla ya majaribio ya kutosha. Ushuhuda hutangaza wema wa Mungu kwa mtu mmoja. Ukiufanya kuwa takwimu ya dawa, umeupa kazi usiyoiweza, na mgonjwa mwingine aweza kuacha vidonge vyake kwa ajili yako.

UJUMBE UKIFIKA: MASWALI MATANO

Ukipata namba au habari ya ugonjwa, kabla kidole hakijagusa kitufe cha kutuma, uliza:

1. Nani amehesabu? Ana jina, ana mahali, anaweza kuulizwa?
2. Amehesabu nini: waliopimwa, waliolazwa, waliokufa, au ni makadirio?
3. Ni ya lini? Namba bila tarehe ni kama samaki bila kujua alivuliwa lini.
4. Nani mwingine amehesabu mwenyewe, bila kunakili kwa huyu?
5. Anasema asichojua, na akikosea husahihisha?

Ukikosa majibu, usitume. Ukiwa na hofu, mpigie muuguzi au daktari unayemjua, au nenda kituo cha afya kilicho karibu ukaulize. Na kama ulishatuma uongo, rudi kwenye grupu lile lile useme. Kutoka 23:1 inatukataza kuvumisha habari za uongo, na haisemi kwamba wewe wa pili au wa kumi huna hatia.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kila mmoja ataje habari moja ya korona au mpox aliyoiamini kisha akagundua si kweli. Ilitoka kwa nani, na kwa nini uliiamini?
2. Katika Walawi 13, kwa nini unadhani kuhani aliambiwa angoje siku saba badala ya kutamka pale pale? Mgonjwa angepoteza nini kama kuhani angeharakisha?
3. Chukueni simu moja, fungueni ujumbe mmoja wa afya uliotumwa wiki hii, muupitishe kwenye maswali matano. Umebaki na nini?
4. Ni nani nyumbani kwako anayeamini habari kwa kuwa zimetoka kwako? Utamlinda vipi?

MAOMBI

Tuombee wauguzi, watu wa maabara na wale wanaoandika hesabu usiku katika vituo vyetu vya afya, wawe waaminifu hata wanaposhinikizwa. Tuombee viongozi wasiogope ukweli. Tuombee wagonjwa waliochelewa kwa sababu ya maneno ya watu. Nanyi mniombee mimi, na mumwombee mzee wangu. Bado ni jirani yangu, anatembea kwa magongo, na kila nikipita barazani pake huniuliza habari za mjini. Siku hizi humjibu kwanza: "Mzee, hii niliyosikia bado sijaijua. Ngoja niulize."

Mungu awabariki. Tukutane Jumapili.